Nyumba Isiyo na Kibao

Kuna mlango mmoja Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, wa msaji, wenye nakshi na misumari ya shaba, ambao mtu ameutoboa fremu yake akatundika kisanduku cheusi chenye vitufe vya namba. Ndani ya kisanduku mna ufunguo. Mgeni hutumiwa tarakimu nne kwa simu, akafungua, akaingia, bila ya kuonana na mtu yeyote. Huo ndio mpango. Kinachotokea hasa ni kuwa saa saba za usiku mgeni anaburura sanduku la magurudumu juu ya mawe ya uchochoro, anapotea mara mbili, mwisho anamgongea mzee wa nyumba ya pili na kumuonyesha picha ya mlango kwenye simu. Mzee anatoka na msuli wake, ananyoosha kidole, anarudi kulala. Amegeuzwa mapokezi na mshahara hana.

Nyumba ile haina kibao. Si gesti kwa maana tuliyoizoea, ya meza mlangoni na kitabu kikubwa cha kuandika wageni. Mwenyewe hakai hapo, na anayeisafisha anatoka Fuoni kwa daladala. Nyumba za namna hii ziko Shangani na Mkunazini, ziko Paje na Jambiani, na ziko kwenye fleti mpya za Fumba ambako hata raia wa nje anaruhusiwa kununua. Watu wanaziita "Airbnb" zote, kwa jina la mtandao mmoja wa kupangishia nyumba, hata zile zinazotangazwa kwengine kabisa.

Je, zisajiliwe? Kwenye karatasi jibu tunalo zamani. Sheria ya Utalii Na. 6 ya mwaka 2009 inamtaka anayelaza watalii kwa malipo awe na leseni ya Kamisheni ya Utalii. Kodi na tozo ni za Mamlaka ya Mapato, ZRA. Manispaa nao wana lao. Na ukiwa Mji Mkongwe, kabla hujagusa ukuta au mlango, unatakiwa upite Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyopo tangu 1985. Kwa hiyo anayesema hakuna utaratibu anatania. Ubishi uliobaki ni wa namna nyengine: usajili huu uwe wa kumjua mwenye nyumba, au wa kumkamua?

Wanaotaka mkono wa serikali uwe mzito wana hoja, na hazipuuziki. Mwaka 2023 waliingia wageni zaidi ya 638,000, na mwaka 2024 wakapita 736,000, katika nchi ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773. Tangu Oktoba 1, 2024 mgeni kutoka nje analipia bima ya dola 44 kabla ya kuingia. Maana yake uwanja wa ndege anajulikana jina na pasipoti. Akilala hoteli, anaandikwa tena. Akilala kwenye nyumba ya kisanduku, anapotea machoni mpaka siku ya kurudi kwao. Mwenye hoteli naye analalamika, na ana haki: yeye anatoza na kupeleka tozo ya miundombinu kwa kila kichwa kwa kila usiku, anaajiri walinzi na wapishi, anatoa risiti za kielektroniki, halafu mtaa wa nyuma kuna vyumba sita vinavyouzwa nusu ya bei yake na havijulikani na mtu.

Lakini hoja ya kodi, ingawa ndiyo inayopigiwa kelele, kwangu mimi ni ya pili. Ya kwanza ni boriti. Nyumba kongwe za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zikabebwa na boriti za mikoko. Zilijengwa zikae familia. Leo kila chumba kinataka choo chake ndani, na juu kabisa linapandishwa tangi la maji, maana mgeni hawezi kuambiwa maji leo hayatoki, oga kwa kata. Lita elfu moja za maji ni tani nzima, inakaa juu ya boriti ambayo hakuna aliyeikagua, na maji ya mabomba yanajipenyeza kwenye chokaa taratibu. Chini yake wamelala watu wanane, ngazi ni moja, ya mbao. Beit al Ajaib, jumba la kale la masultani linaloangaliwa na dunia nzima, liliporomoka sehemu yake Disemba 25, 2020, tena likiwa kwenye matengenezo, na watu wakafa. Nani anaiangalia ghorofa ya juu ya Kiponda? Huwezi kukagua nyumba ambayo rasmi haipo.

Sasa geuza sarafu. Mfikirie mjane wa Sokomuhogo. Wanawe wameolewa na kuhama, vyumba viwili vya juu vimebaki na vumbi. Mjukuu anampigia picha, anamtangazia, anapata wageni kwa dola 25 usiku mmoja. Msimu ukiwa mzuri anamaliza mwezi na kitu mkononi. Masika yakiingia, mwezi wa nne na wa tano, anakaa na vyumba vitupu. Huyu akiambiwa asajili, ataanza safari: ofisi hii inataka barua ya ile, ile inataka ramani ya nyumba, ya tatu inataka cheti cha Zimamoto, na kila dirisha lina "njoo kesho" yake. Mwenye vyumba mia ana karani wa kazi hiyo. Bibi hana, basi atamlipa kijana wa kuzungusha makaratasi, na akishamlipa ataona bora angefunga mlango akanyamaza. Wengi wamenyamaza kwa sababu hiyo hiyo. Si wezi wa kodi. Wamepiga hesabu tu.

Pemba hesabu hiyo ni mbaya zaidi. Huko vitanda vya wageni ni vichache, na aliye Wete na chumba kizuri cha kupangisha anatufaa kuliko anavyotuhatarisha. Masharti ya Nungwi, pwani ya mahoteli huku Unguja, ukiyapeleka Wete kama yalivyo utaua kitu ambacho bado hakijazaliwa.

Pwani ya mashariki kuna jambo ambalo halisemwi kwa sauti. Ardhi Zanzibar ni ya serikali. Mzanzibari hupewa haki ya kuitumia, na raia wa nje hupata mkodisho kwa taratibu zake. Njia ndefu ina njia yake ya mkato: raia wa nje anatia pesa, mwenyeji anatia jina. Jina kwenye karatasi ni la kijana wa Jambiani, pesa za wageni zinaingia benki ya Ulaya, na kijana anapata posho ya mwezi na cheo cha "meneja". Siku usajili ukikazwa kwelikweli, deni la kodi litamfuata nani? Litafuata jina. Hii ni sababu ya kusajili, na papo hapo ni sababu ya kuogopa usajili wa pupa unaomuuliza mtu "nani mwenye nyumba?" bila ya kumuuliza "nani anapokea malipo?"

Wapo wanaosema: kwa nini tuhangaike na ofisi zote hizi, na sheha, mkuu wa serikali kwenye shehia, yupo? Ni kweli, sheha anajua. Anajua nani kahama, nani kaja, nyumba ipi kila wiki ina nyuso mpya. Daftari la shehia ndilo usajili uliotutangulia sote, na ni bure. Ila tusijifanye hatujui jengine. Sheha huteuliwa, hachaguliwi, na barua yake imewahi kuwa mlango wa kupata au kukosa kitambulisho na haki ya kujiandikisha kupiga kura. Kuna nyumba hapa Unguja, na Pemba zaidi, ambazo jina la sheha likitajwa mazungumzo hubadilika. Ukimpa uwezo wa kuidhinisha nani apangishe, utakuwa umempa fimbo nyengine. Aandike, sawa. Kuidhinisha isiwe kazi yake.

Wenzetu wameshajaribu mengi. New York, tangu Septemba 2023, mtandao hauruhusiwi kupokea malipo ya nyumba isiyo na namba ya usajili wa jiji, na mwenyeji lazima awepo nyumbani, wageni wasizidi wawili. Barcelona imetangaza kuwa leseni za fleti za watalii, zaidi ya 10,000, hazitaongezwa muda zikimalizika Novemba 2028. Wao wanapigania nyumba za wenyeji kukaa. Sisi tatizo hilo tunalo Mji Mkongwe. Mji huu uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000 kwa kuwa mji hai wa Waswahili, na leo kuna vichochoro ambavyo jioni husikii mtoto akiitwa kwenda chuoni kusoma Kurani. Lakini Unguja nzima si Barcelona, na vitanda bado tunavihitaji. Cha kuazima kutoka kwao ni kimoja tu: namba kwenye tangazo. Tangazo lisilo na namba halipandi. Hapo kazi ya kumsaka mwenye nyumba aliye Milan au Dubai inabebeshwa mtandao unaokula kamisheni yake, badala ya ofisa wa kodi kuzunguka vichochoroni akisoma vibao. Kwa sababu akisoma vibao atawapata wale wale waliovitundika, yaani wale waliokwisha kujisajili.

Mimi ningetenganisha mambo ambayo ofisi zetu zinayafunga fundo moja. Kujisajili kuwe bure, kwa simu, kwa namba ya kitambulisho na akaunti inayopokea malipo. Leseni na ada ziwe za viwango, kwa idadi ya vyumba, na wa vyumba viwili anayeishi humo humo alipe kidogo sana. Ukaguzi wa jengo usisubiri leseni, uanze na nyumba zenye tangi juu. Hazina itapoteza ada za mwanzo, na atakayepinga kwa sababu hiyo hatakuwa amekosea hesabu. Lakini ada za watu wasioonekana hazina haizipati hata sasa.

Na sharti moja dogo ningelitia kwa wote, wakubwa na wadogo: pale pale penye kisanduku cha ufunguo pabandikwe namba ya usajili, na namba ya simu ya mtu aliyepo kisiwani, anayepokea saa saba za usiku. Mzee wa Kiponda akigongewa tena atakuwa na mahali pa kupiga.