Sitagawa Peremende kwa Sababu Mwanangu Amelia Ndegeni

Wiki iliyopita, katika kundi la WhatsApp la Watanzania tunaoishi maeneo ya Washington, mtu mmoja aliirusha tena ile habari ya mama wa Korea Kusini ambaye mwaka 2019, katika ndege iliyotoka Seoul kwenda San Francisco, aliwagawia abiria wenzake mifuko zaidi ya 200, kila mmoja ukiwa na peremende, vizibo vya masikio na kijikaratasi kilichoandikwa kana kwamba ni mwanawe wa miezi 4 anayeomba radhi kabla hajalia. Aliyeirusha aliongeza maneno yake chini ya picha: "Akina mama, igeni ustaarabu." Vidole gumba vikamiminika. Wengi wa waliovibonyeza nawafahamu kwa majina, nao ni akina baba ambao safari yao ndefu kuliko zote na mtoto mchanga ilikuwa ya kumtoa hospitali kumpeleka nyumbani.

Simlaumu mama yule. Aliogopa macho ya watu, na woga huo naujua unavyouma. Ninachokikataa ni kuugeuza woga wake kuwa kipimo cha adabu kwa sisi wengine. Anayeomba radhi amekiri kosa, na tangu wiki iliyopita nimekuwa nikijiuliza kosa lenyewe ni lipi.

Julai mwaka huu nilisafiri peke yangu na mwanangu wa miezi 14 kwenda kwetu Tanga: saa 13 hivi kutoka Washington hadi Ghuba, huko Uarabuni, saa 4 za kukaa sakafuni tukisubiri ndege nyingine, saa 6 hadi Dar es Salaam, na basi baada ya hapo. Begi langu la mkononi lilikuwa na nepi 16, nguo 5 za mtoto, blauzi 2 zangu mwenyewe (hakuna anayekutajia blauzi hadi siku utakapotapikiwa juu ya bahari ya Atlantiki), na doti moja ya kanga ambayo iligeuka mbeleko, pazia la kunyonyeshea, shuka, na mwishowe kitambaa cha kupangusia. Naomba nionyeshwe katika begi hilo mahali pa kuweka mifuko 200 ya peremende.

Safari ya kwanza tuliimaliza salama, ingawa bila usingizi. Susu ya ndegeni, ile inayobandikwa ukutani mbele ya viti vya mstari wa kwanza, haikutufaa, kwa kuwa mwanangu alikwishapita kilo 11 na susu nyingi hukomea hapo au chini ya hapo. Wanaozionea wivu nawapoza kwa jambo moja tu: taa ya mikanda ikiwaka, mtoto hutolewa susuni na kurudishwa mapajani, hata kama ndiyo kwanza amefumba macho.

Katika ndege ya pili niliketi pembeni mwa bibi mmoja wa Pemba, aliyetoka kumtazama binti yake aliyejifungua huko Ghuba. Nilipomwamkia shikamoo, aliitikia huku mikono yake ikiwa tayari imemfikia mtoto. "Nipe mjukuu wangu, nawe ulale. Macho yamekuiva kama ya mvuvi." Akaomba kanga, akamfunga mgongoni, akawa anakwenda naye ujiani hadi msalani na kurudi, akimwimbia taratibu, wahudumu wakimpisha na kigari chao cha chakula badala ya yeye kukipisha. Nililala dakika 40. Nilipoamka nilimkuta mwanangu amepakatwa, amepakaa halua kuanzia mashavuni hadi kwenye viwiko. Nikiri kwamba nilikasirika. Mtoto yule alikuwa hajawahi kuonja sukari, kwa kuwa madaktari wa huku husisitiza asipewe hadi atimize miaka 2, nami nilikuwa nimelishikilia agizo hilo kwa majivuno yasiyo madogo. Lakini nilikaa kimya. Dakika 40 za usingizi kwa vipande viwili vya halua ni biashara ambayo ningeifanya hata leo.

Halua hiyo ilikuja kudai deni lake wakati wa kushuka. Najua, kama anavyojua mama yeyote aliyewahi kupanda ndege, kwamba rubani anapoanza kuteremka, nusu saa hivi kabla ya kutua, mtoto anyonyeshwe au apewe chupa, ili ameze mate mfululizo. Nilimpa titi, akaligeuzia uso. Tumbo lilikuwa limejaa. Kisha masikio yakaziba, na mwanangu akalia kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo.

Wanaodhani kilio hicho ni deko nawaomba wakumbuke mara ya mwisho walipoteremka kwa basi kutoka Lushoto hadi Mombo. Masikio huziba, mtu hupiga miayo, hutafuna kitu, na dereva wa zile kona hashushi zaidi ya mita 1,000 hivi. Ndani ya ndege, hata ikiwa angani kabisa, hewa hubanwa hadi ifanane na ya mahali penye urefu wa mita 2,000 na kitu, isizidi 2,400 kwa kawaida, kisha katika nusu saa mnarudishwa usawa wa bahari. Hewa lazima irudi nyuma ya ngoma ya sikio kupitia kijirija kinachotokea kooni, na kijirija hicho kwa mtoto ni chembamba, kimelala badala ya kuinama kama cha mtu mzima, tena mwenyewe hajui kwamba akimeza mate maumivu yatapungua. Kwa hiyo hulia. Kulia kwenyewe humfanya ameze na kupanua koo, na huo ndio msaada pekee alio nao. Mtu akiniambia "mwana umleavyo ndivyo akuavyo" katika dakika hizo, natamani kumuuliza ni malezi gani yanayopanua kijirija cha sikio.

Ng'ambo ya ujia aliketi bwana mmoja aliyevaa suti nzuri. Aliondoa visikizio vyake, akanigeukia, akasema kwa Kiswahili safi, kwa sauti ya kusikiwa na mistari mitatu: "Dada, huyu si ungemwacha tu kwa bibi yake?"

Sikuwa na la kujibu, kwa kuwa bibi yake ndiye niliyekuwa nikimpelekea. Yuko Tanga, ana miaka 74, na alikuwa akimfahamu mjukuu wake kwa kioo cha simu tu. Aliyejibu ni yule bibi wa Pemba, bila kugeuka. "Baba, wewe ulizaliwa unacheka?" Watu wa nyuma wakacheka, visikizio vikarudi masikioni, na mtoto akaendelea kulia hadi magurudumu yalipogusa ardhi.

Huyo bwana si katili. Naamini alikuwa amechoka, pengine alikuwa na mkutano asubuhi. Lakini tazameni alichokuwa akikidai. Nauli hununua kiti, uzito wa mizigo na sinia la chakula. Sijaona tiketi iliyoandikwa kwamba imenunua na ukimya wa wengine. Katika ndege ileile kulikuwa na mtu aliyekoroma tangu tulipopaa, mwingine aliyevua viatu kwa namna iliyotufanya sote tujue kwamba amevivua, na wa tatu aliyelaza kiti chake hadi kikamgusa kifua wa nyuma yake. Sijawahi kupokea peremende kutoka kwa mkoromaji. Sijawahi kusikia mtu akiambiwa kwamba mguu wake ungebaki nyumbani kwa bibi. Ni mtoto peke yake, asiyejua hata kama yuko ndegeni, anayetakiwa afike na barua ya kujieleza.

Kuna na wale wanaojibu kwa upole: si lazima kusafiri na mtoto mdogo, subirini akue. Hao ndio wanaoniuma kuliko mwenye suti, kwa sababu niliwahi kuwasikiliza. Mtoto alipozaliwa tulikuwa na fedha za tiketi. Tukasema tusubiri awe na mwaka, angalau aweze kukaa, asije akasumbua watu njiani. Alipofikisha miezi 3, baba yangu alifariki. Hawakuonana. Tulikuwa tumesubiri ili tusiwakere watu tusiowajua, nao hata hawajui kwamba tuliwafanyia hisani hiyo.

Kwa wenye fedha, soko limekwishaleta dawa yake. Mwaka 2023 shirika la Corendon lilitangaza, katika ndege zake za kutoka Amsterdam kwenda Curaçao, sehemu isiyoruhusu abiria wa chini ya miaka 16, kwa malipo ya ziada ya euro 45. Nawatakia kheri, ingawa sauti ya mtoto wangu haijawahi kuzuiwa na pazia.

Na kuna ushauri mwingine unaotolewa kwa kunong'onezwa, kwamba mtoto apewe dawa ya mafua kidogo ili alale. Sitaki mzaha katika hili. Mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya kwamba dawa za mafua na kikohozi zenye kuleta usingizi zisipewe watoto wa chini ya miaka 2, kwa kuwa zinaweza kuwadhuru vibaya, na wapo wanaopewa halafu badala ya kulala wakachangamka usiku kucha. Asiyependa kusikia kilio anywe yeye hiyo dawa.

Nakubali, shingo upande, kwamba tupo wazazi tunaochosha. Mtoto wa miaka 4 anayepiga teke kiti cha mbele kwa saa nzima huku babaye akitazama sinema azuiwe, tena haraka. Na anayetaka kunilaumu mimi kwa jambo la haki, ninalo. Nilimpakata mwanangu safari nzima, kwa sababu aliye chini ya miaka 2 akipakatwa hulipiwa asilimia 10 hivi tu ya nauli, na tiketi ya pili ilinishinda. Julai 1989, ndege ilipoanguka Sioux City, katika jimbo la Iowa, ilikuwa na watoto 4 wa kupakatwa, na kwa maelekezo ya siku zile wazazi waliambiwa wawalaze sakafuni. Mmoja alifariki. Mhudumu mkuu aliyetoa maelekezo hayo aliitumia miaka mingi ya maisha yake akidai kila mtoto awe na kiti, lakini hadi leo mamlaka ya anga ya Marekani inashauri tu, hailazimishi, kwa hoja kwamba gharama ingezirudisha familia barabarani, ambako watu hufa zaidi. Ulaya hutumia kijimkanda kinachopachikwa kwenye mkanda wa mzazi, na Marekani haikikubali. Taa ya mikanda ilipowaka juu ya Atlantiki na ndege ikaanza kuruka kama gari la mchanga, nilimkumbatia kwa mikono yote miwili nikijua kwamba mikono si mkanda. Hakuna aliyenikunjia uso kwa hilo. Mtoto alikuwa kimya wakati huo, basi kila mtu aliridhika.

Dar es Salaam nilimwona tena yule bwana, penye mkanda wa mizigo, akingoja sanduku ambalo ni dhahiri halikuja. Bibi wa Pemba alikuwa amekwisha kuondoka kuwahi boti ya Unguja, akiwa na kanga yangu moja, kwa kuwa sikupata moyo wa kumdai.

Tunakwenda tena Juni mwakani. Mwanangu atakuwa ametimiza miaka 2 mwezi mmoja kabla, hivyo hapakatwi tena. Nimeanza kulipia kiti chake kwa bei inayokaribia yangu, na tumechagua mstari wa nyuma, jirani na vyoo. Dirishani atakaa yeye.