Louis Armstrong hakuwa mgeni kwenye country

Ile klipu imerudi tena wiki hii, nimetumiwa na watu ambao hata hawajuani. Johnny Cash, staa wa country, na Louis Armstrong wako jukwaani kwenye kipindi cha runinga cha Cash, Cash na gitaa lake, mzee Armstrong na tarumbeta na kofia ya cowboy kichwani, na aliyeikata ameianzia pale pale wimbo unapoanza kisha akabandika maandishi makubwa ya manjano juu, ati mfalme wa jazz apotea njia. Chini kwenye komenti ni vicheko tu. Mmoja kaandika kwamba hata sisi Wakenya tunaosikiliza country tumepotea vivyo hivyo, huo ni muziki wa wazungu, tuwaachie wenyewe. Nimekereka na nimeshindwa kunyamaza.

Manake kilichokatwa ndicho chenyewe. Kabla ya ule wimbo kuna mazungumzo. Cash hamkaribishi Armstrong kama staa mkubwa aliyepitia Nashville tu, anamrudisha mwaka 1930 na anataka watu waliokaa kwenye yale mabenchi ya Ryman, ukumbi wa Nashville kipindi kilikorekodiwa, wasikie. Ukiyatoa mazungumzo unabaki na mzee mweusi aliyevalishwa kofia. Ukiyaacha unaelewa kwamba huyu mzee alikuwa ndani ya country kabla Cash hajazaliwa, na hapo sitii chumvi, Cash kazaliwa 1932.

Stori yenyewe ni hii. Tarehe 16 Julai 1930, Hollywood, Jimmie Rodgers anaingia studio kurekodi "Blue Yodel No. 9". Rodgers ndiye wanayemwita baba wa country, na ile Country Music Hall of Fame ilipoanza kuingiza watu mwaka 1961 yeye alikuwa kwenye kundi la kwanza kabisa. Sasa siku ile anayempigia tarumbeta ni Louis Armstrong, na aliyekaa kwenye piano ni Lil Hardin, mkewe Armstrong. Santuri ikatoka, lebo ikaandikwa jina la Rodgers peke yake. Watu wakainunua, wakaicheza sebuleni kwao mpaka ikakwaruzika, na wengi wao hawakujua ile tarumbeta ni ya nani. Rodgers akafa kwa kifua kikuu mwaka 1933 akiwa na miaka 35, kwa hiyo naye hakubaki wa kusimulia ukweli wa siku ile.

Ndiyo uje 1970, Oktoba 28, miaka 40 imepita. Armstrong ana miaka 69, amekuwa akiugua, madaktari walishamwambia aiweke tarumbeta chini, na anaipiga hata hivyo. Sikiliza vile wanavyofanya. Cash anaimba mstari mmoja kwa ile sauti yake nzito, gitaa linatembea tu bila madoido, halafu ananyamaza, na kwenye lile pengo Armstrong anaingia, maneno machache ya tarumbeta, anamjibu, anatoka, Cash anachukua mstari unaofuata. Hakuna anayemkanyaga mwenzake. Cash ndiye mwenye kipindi, jina lake ndilo liko kwenye tangazo, lakini kwa zile dakika anakuwa kama kijana aliyeshika gitaa kumsindikiza mzee. Ile nafasi aliyokuwa nayo Armstrong 1930 bila jina, sasa anaipata na jina, na sura, na runinga ya taifa zima inamtazama. Tarehe 6 Julai 1971 akafariki, haikufika hata miezi tisa.

Halafu mtu anakuja kuiandikia "apotea njia". Aliipotea wapi? Nyumba inajengwa alikuwepo, amebeba matofali, leo anaitwa mgeni.

Na hapo ndipo ninapotaka tuelewane kuhusu hivi vipindi vya zamani vya country kwenye runinga za Marekani, kwa sababu watu huvichukulia kama burudani ya mashambani tu, nyasi kavu jukwaani na vichekesho vya wakulima. Vingine vilikuwa hivyo kweli. Lakini kipande cha mgeni, pale mwanamuziki kutoka nje anapoitwa kuimba, kikifanywa sawasawa kinaonyesha kwamba yule mgeni ni ndugu aliyesahaulika. Kipindi cha Cash kilikuwa kituo cha ABC kuanzia Juni 7, 1969 mpaka 1971, na Cash alitaka kirekodiwe Ryman, Nashville, kwenye jukwaa lile lile la Grand Ole Opry, kipindi kikongwe cha country cha redio, na kwenye jukwaa hilo akapandisha watu ambao ukiangalia majina yao kwenye karatasi utasema hawaingiani kabisa. Episodi ya kwanza tu Bob Dylan na Joni Mitchell. Baadaye Ray Charles, Mahalia Jackson, Odetta, Stevie Wonder. Ray Charles alishatoa albamu nzima ya nyimbo za country mwaka 1962 na ikauza ajabu, huyo naye utamwambia amepotea?

Pete Seeger, mwimbaji wa folk, alikuwa ameandamwa kwa siasa zake na kufungiwa runinga miaka mingi, Cash akampandisha.

Eric Clapton, mpiga gitaa wa rock, alikuja na bendi yake ya Derek and the Dominos, na Cash akamwita Carl Perkins, yule wa rockabilly, country iliyochanganywa na rock, kutoka Tennessee, wakacheza wote pamoja. Clapton alikua akimsikiliza Perkins. Unaona mtindo? Mgeni anaunganishwa na alikotoka. Haambiwi tu haya imba wimbo wako mpya, tabasamu, nenda. Na hilo halitokei kwa bahati, lazima mwenyeji awe amekaa akajiuliza huyu anayekuja ni nani kwetu, anadaiwa nini na anatudai nini, halafu ampe muda na yeye mwenyewe akubali kupiga gitaa la pili.

Linganisha na Hee Haw, kipindi kingine cha country, iliyoanza mwezi ule ule wa Juni 1969, CBS, Buck Owens na Roy Clark. Hee Haw ilirekodiwa kwa mafungu, wanamaliza vipande vya aina moja vya episodi nyingi kwa mkupuo, halafu vinaunganishwa baadaye, kwa hiyo mgeni angeweza kuimba chake na asiwe na haja ya kuongea na mtu. Vicheko vingi, moyo kidogo. Nakubali, na nakubali kwa shingo upande, kwamba episodi yao ya kwanza walimleta Charley Pride pamoja na Loretta Lynn, na mwaka 1969 kumweka mwanamume mweusi kwenye kipindi cha country kinachoangaliwa na kila nyumba ya kijijini halikuwa jambo dogo, ukikumbuka kwamba miaka mitatu tu nyuma nyimbo zake za kwanza zilipelekwa kwenye vituo vya redio bila picha ili watu wasijue rangi yake. Hilo nawapa. Na kipindi cha Cash nacho kilikuwa na takataka zake, vichekesho vilivyolazimishwa, wageni wa Hollywood wasio na lao pale. Sawa.

Lakini narudi kwa Armstrong kwa sababu naona hapo ndipo jeraha lilipo. Country ilijengwa na mikono mingi na mingine ikafutwa. DeFord Bailey, mweusi, mpiga kinanda cha mdomo, alikuwa mmoja wa mastaa wa mwanzo kabisa wa Opry, watu walikuwa wanamsubiri redioni kila Jumamosi usiku. Wakamfukuza 1941, miaka miwili tu kabla Opry haijahamia Ryman, akaishia kuendesha kibanda cha kung'arisha viatu mjini humo humo Nashville. Lesley Riddle, mweusi mwingine, alizunguka na A.P. Carter wa Carter Family, kundi la mwanzo la country, vijijini kukusanya nyimbo, yeye ndiye akishika tuni kichwani, na Maybelle Carter alijifunza kwake mambo ya gitaa ambayo leo kila mtu anayepiga country anayapiga. Na huyo Mama Maybelle alikuwa anaonekana kwenye kipindi cha Cash mara kwa mara, amekaa na wanawe, wanaimba. Rodgers mwenyewe kijana wa reli wa Mississippi, alikulia katikati ya vibarua weusi walioimba wakitandaza vyuma, na ule wimbo wake ni blues, muziki wa weusi, na hakuficha, ameuandika kwenye jina.

Sasa mtu anaponiambia ni muziki wa wazungu, ananiambia ile lebo ya 1930 ilikuwa sahihi. Kwamba jina moja linatosha. Mimi sikubali.

Na kwetu hapa pia kuna deni. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, alipopita nchi ya Kipsigis mwaka 1950 na mashine zake za kurekodi, alikuta wasichana wanaimba wimbo wa mtu anayeitwa Chemirocha, wakipigiwa chepkong, kinubi cha Kipsigis. Chemirocha ni Jimmie Rodgers! Santuri zake zilishafika kule Bonde la Ufa kwa gramafoni, watu wakaisikia ile sauti inayopanda ikavunjika kooni, wakajiuliza ni kiumbe gani huyu, wakaona lazima nusu ni mtu na nusu ni swala. Na kwenye ule wimbo wanamkaribisha, aje acheze nao, acheze mpaka nguo zimdondoke. Kila nikiusikiliza nasisimka. Mabinti wa Kericho wameshamtungia Rodgers wimbo wakati Nashville bado inampanga Bailey kwenye orodha ya watu wa kusahau.

Kwa hiyo wazee wetu waliokuwa wanawasha redio Jumapili asubuhi kusikiliza Jim Reeves hawakuwa wanaiga mtu. Baba yangu alikuwa na radio-kaseti ya National ambayo mlango wake wa kanda ulikuwa umeshikwa na raba, na ikifika saa ya country hakuna kuuliza chochote mpaka iishe, hata chai inangoja. Hakuwa na Kiingereza kingi, lakini alijua mahali gitaa la chuma linapolia na alikuwa anakunja macho pale. Akisikia Charley Pride alikuwa anatuambia, huyu ni mtu wetu. Sisi hatukuwa tunamwamini manake sauti tuliyoisikia tuliipa sura tuliyoizoea kwenye majalada ya kaseti zingine.

Ndiyo maana nasema kukata yale mazungumzo si jambo la muda wa klipu. Najua simu zinataka vitu vifupi, najua aliyekata labda anatafuta viu za mwezi. Lakini kama ni lazima ukate, kata wimbo nusu uyaache maneno. Wimbo mtu atautafuta mwenyewe ukimgusa. Ila yale maneno, Cash kumwambia mzee mbele ya watu wale kwamba wewe ndiye uliyekuwa pale, ukiyatupa hakuna atakayejua ayatafute.

ABC walikifunga kipindi 1971, mwaka ule ule runinga za Marekani zilipoamua kufagia karibu kila kitu chenye harufu ya shamba kwa sababu watangazaji wa biashara walitaka vijana wa mjini. Hee Haw ilifukuzwa CBS ikajiuza yenyewe kituo kwa kituo na ikaendelea miaka zaidi ya 20. Cha Cash hakikupata bahati hiyo. Inaniuma kwamba kilichofanya kazi ya maana ndicho kilichokufa. Ila hata kikiwa mwishoni kilikuwa kinazaa, Februari 1971 waimbaji Neil Young, James Taylor na Linda Ronstadt walikuwa Nashville kwa ajili ya kipindi hicho, na wakiwa huko huko wakaingia studio, Taylor na Ronstadt wakamwimbia Young kiitikio, Taylor akampigia na banjo. Hivyo ndivyo inavyokuwa watu wakikaribishwa vizuri, hawamalizi kuimba wakakimbilia uwanja wa ndege.

Natamani hata runinga zetu zifanye hivyo. Nimeshaona msanii wa country wa hapa Kenya akialikwa asubuhi, swali la kwanza ni kwa nini unaimba muziki wa wazungu, la pili ni hiyo kofia ulinunua wapi, halafu anapewa dakika ya kuimba juu ya playback huku majina ya waandaaji yanapita. Muulizeni kanda gani ilikuwa kwao nyumbani, nani alimfundisha gitaa, na mugithi, ule muziki wa gitaa wa Wakikuyu, aliusikia wapi. Tafuteni mzee wa Kericho anayejua chepkong bado, mkalisheni pembeni yake, wape nusu saa, mtangazaji anyamaze, na maikrofoni ya mzee iwe imewashwa.