Pipa la Mbege na Amri za Melini
Shemeji yangu ni afisa katika meli ya mizigo ambayo nahodha wake ni Myukreni, wahandisi ni Wahindi na mabaharia wengi ni Wafilipino, na kila anapokuja likizo huku Kibosho, juu ya mji wa Moshi, hutusomesha jinsi watu hao wanavyoelewana. Anayemtia hofu kuliko wote ni yule anayeitikia "ndiyo" kwa kumstahi mkubwa wake ilhali hajaelewa kitu. Shirika la Bahari Duniani lilipopitisha misemo sanifu ya mawasiliano ya baharini mwaka 2001, lilielekeza kwamba mshika usukani airudie kila amri anayopewa.

Siku ya sendofu ya binti yetu, pikapu iliyobeba pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi, ilipaswa kurudi kinyumenyume hadi uani, kwenye kinjia chenye migomba upande huu na mfereji wa kumwagilia kihamba, yaani shamba la nyumbani, upande ule. Dereva alikuwa kijana wa jirani mwenye adabu iliyopitiliza, yaani wa aina ile ile anayoihofia shemeji, nami nilikuwa nyuma nimelikumbatia pipa. Shemeji alimpa kijana somo la kurudia amri, kisha akatangaza kwamba, kwa kuwa melini upande wa kushoto ni wa meli yenyewe hata ukigeukia wapi, hapa nao utakuwa wa gari.

"Kushoto kidogo!"

"Kushoto kidogo, kaka!"

Mambo yalikwenda kwa ustaarabu mkubwa, hata wazee walioketi barazani wakaahirisha ubishi wao wa mahari ili watazame. Mara tairi la nyuma likaanza kumega ukingo.

"Mfereji!" shemeji alipaza sauti.

"Mfereji, kaka!" kijana aliitikia, akautekeleza.

"Nimesema mfereji!"

"Umesema mfereji, kaka!"

Tulitua humo kwa kishindo, mimi chini, pipa juu, na mbege ikanipitia kichwani kabla ya kushika njia yake. Wazee walishuka barazani wakitoa amri zote kwa pamoja, na hakuna aliyerudia hata moja. Tulikuwa bado tunasukuma gari pale mtoto wa jirani wa chini, ambaye siku hiyo ilikuwa zamu yao ya maji, alipofika na salamu kutoka kwa babu yake: mzee anashukuru sana, ila anauliza kama nyama nayo itapitia huko huko.