Beyoncé Yuko Njiani

Mwaka 2009 mjomba wangu alikuwa na kibanda umiza, kile cha kuonyeshea filamu, Tandika, Dar es Salaam: mabenchi sita, televisheni moja ya kichogo, kiingilio shilingi 200. Mimi ndio nimemaliza kidato cha nne, na Kiingereza changu nilikiamini kuliko walimu wangu walivyokiamini.

"Leo utatafsiri wewe," mjomba akaniambia.

DVD yenyewe ilikuwa Cadillac Records, filamu ya 2008. Sikuwa nimeitazama. Niliona sura ya Beyoncé kwenye kava na neno blues kwa nyuma, basi, nikashika chaki: LEO BEYONCÉ! BLUZI MWANZO MWISHO. Kwetu bluzi ni ule muziki wa polepole, wa kukumbatiana taa zikiwa hafifu. Vijana wakaja na wachumba wao, wamejipulizia manukato.

Mapema tu akatokea mkulima wa Mississippi na gitaa lake. Hakuna aliyemkumbatia mtu.

"Huyu nani?"

"Maji ya Tope," nikatafsiri Muddy Waters, jina la mwanamuziki wa blues, ule muziki wa Wamarekani weusi. Mwenzake Howlin' Wolf nikamwita Mbwa Mwitu Mlialia. Little Walter nikamwita Walter Mdogo, benchi la nyuma likadakia, "Mkubwa yuko wapi?" Leonard Chess, mwenye studio ya kurekodi muziki kule Chicago, nilianza naye kama Bwana Sataranji, aibu ikanishika, nikambadilisha akawa Bosi.

"Beyoncé yuko wapi?"

"Yuko njiani."

Robo saa nyingine. "Mbona hafiki?"

"Foleni."

Kila mwanamke akipita kwenye kioo, mtu anauliza, "Ndiye?" Mwishowe nikachoka. Alipotokea mke wa Muddy, ambaye ni Gabrielle Union, nikapaza sauti kama Lufufu, yule mtafsiri maarufu wa filamu: "Huyo hapo! Wamempaka vipodozi vya zamani!" Makofi. Hata Chuck Berry alipoingia na mwendo wake wa bata, rock and roll ikachemka, na wale wachumba wakasahau kununa wakasimama kucheza.

Kisha akatokea Beyoncé. Mwenyewe. Nywele za dhahabu, anaigiza mwimbaji Etta James.

"Na huyu?" akauliza muuza vitumbua mmoja.

"Mdogo wake."

Mama yule akainuka, akachukua kava, akalisimamisha kando ya kioo. Kibanda kizima kikalinganisha sura mbili kimya kimya, halafu kikageukia ya tatu, yangu.

Mjomba akarudisha 200 za kila mtu, na walikuwa wameshakula uhondo mkubwa wa filamu. Tukabaki mimi, yeye, na mzee mmoja aliyekuja kulala tu.

Sasa nikatafsiri bila haraka. Filamu ni nzuri jamani, Jeffrey Wright akiwa Muddy anaongea kwa macho tu. Mzee akaamka.

"Huyu Bosi anawalipa, au anawagawia magari tu?"

"Cadillac, mzee. Hesabu ya mirabaha haieleweki."

Mzee akaguna. Mjomba akakohoa, akatoka, akarudi na soda baridi na chapati mbili. "Kula, umefanya kazi."

Mwisho wa mwezi nikachungulia daftari lake. Chini ya jina langu: viingilio vilivyorudishwa, viti viwili vilivyovunjika, soda moja, chapati mbili.

Sisi tulikuwa na mabenchi. Hivyo viti hadi leo sijui alivitoa wapi.