Mbolea na nyasi za bahari: Florida ina majibu mawili

Likizuka suala la maji taka ufukweni, wengi husema virutubisho vinaua nyasi za bahari. Wengine huuliza: mmea gani unaokataa mbolea? Florida, Marekani, inawapa haki wote.

Ghuba ya Tampa Bay iko upande wa kwanza. Kuanzia 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilipoteza karibu nusu ya nyasi zake. Naitrojeni, kirutubisho kilichomo kwenye maji taka, ilistawisha mwani mdogo unaoelea, maji yakawa ya kijani, mwanga usifike chini. Mitambo ya maji taka ilipoboreshwa maji yalitakata, na kufikia 2014 nyasi zilikuwa zimerudi kwenye kiwango cha 1950. Baada ya 2016 zilianza kupungua tena, kwa hiyo huenda naitrojeni si kisa kizima.

Ukishuka kusini hadi Florida Bay, mambo yanageuka. Tope la chokaa hung'ang'ania fosforasi, kirutubisho kingine, nyasi zikabaki na njaa, hasa upande wa mashariki. Miaka ya 1980 watafiti walichomeka vijiti majini; ndege wakatua juu yake na kudondosha samadi ya bure. Thalasia, nyasi ya bahari ya huko, iliyokuwa imedumaa ikanenepa. Wanaotetea mbolea huishia hapo, nami naona wanakatisha hadithi. Miaka ilivyopita, halodule, nyasi inayokua haraka, iliisukuma thalasia pembeni. Vijiti viling'olewa, lakini zaidi ya miaka 20 baadaye alama ilikuwa bado ipo, kwa kuwa fosforasi ikishanaswa kwenye tope haiondoki upesi.

Msimu nao hupotosha. Kiangazi thalasia hukua mbio, na virutubisho vilivyomo hutawanyika katika jani kubwa zaidi. Baridi ikiingia ukuaji hupungua na kiwango ndani ya jani hupanda. Anayechuma majani kiangazi tu atasema nyasi zina njaa; wa majira ya baridi atasema zimeshiba. Mahali ni pale pale.

Unguja pia mchanga mwingi ni wa matumbawe, yaani chokaa, na maji taka ya mjini huingia baharini. Kupunguza maji taka nakuunga mkono bila kusita, kwani afya ya watu peke yake inatosha kuwa sababu. Ila kuhukumu nyasi za ghuba ya Chwaka, mashariki mwa Unguja, kwa kanuni ya Tampa ni haraka mno. Zipimwe mahali pale pale, wakati wa kaskazi, baada ya masika na katikati ya kusi, na mwanga unaofika chini upimwe siku hiyo hiyo.