Mirija iliyoziba: tiba za mikono zinazibua nini hasa?

Mwanamke akishaambiwa kwamba mirija yake ya uzazi imeziba, huanza kutafuta njia ya kuizibua bila kisu. Huletewa mengi: kukandwa tumbo, mafuta ya nyonyo, sindano za Kichina, mitishamba ya "kusafisha kizazi". Kabla ya kulipia chochote kati ya hivyo, ajue kwanza mirija imeziba wapi, na kama imeziba kweli.

Mrija una urefu wa sentimita 10 hadi 12. Unapopita ndani ya ukuta wa kizazi, tundu lake halifiki hata milimita moja. Hapo ute kidogo au mbano wa misuli unatosha kuzuia dawa ya picha isipite. Katika kipimo cha HSG, yaani picha ya eksirei ya kizazi na mirija, dawa hiyo ikisukumwa kwa haraka, au mgonjwa akiwa na maumivu na hofu, kizazi hujibana na picha inaonyesha mirija yote miwili imeziba. Utafiti wa Italia wa mwaka 2000 uliwarudia baada ya mwezi mmoja wanawake 40 waliokuwa na majibu ya namna hiyo, na asilimia 60 walikutwa mirija iko wazi. Walikuwa hawajapewa tiba yoyote ya kuzibua.

Takwimu hiyo inafaa kulinganishwa na hoja nzito kuliko zote upande wa tiba za mikono. Hoja hiyo inatoka Florida, Marekani, kwenye kliniki za Clear Passage. Mtaalamu wa fiziotherapia hubonyeza na kuvuta taratibu tishu za tumbo na nyonga, kwa jumla ya saa 20 hivi, akilenga kulegeza makovu yaliyogandisha viungo. Mwaka 2015 walichapisha rekodi za miaka 10: kati ya wanawake 235 walioziba mirija yote, 143 walipata angalau mrija mmoja ulio wazi, karibu asilimia 61.

Matokeo hayo hayafai kupuuzwa. Hakuna kisu wala dawa ya usingizi, na kovu linalovuta mrija kutoka nje ndilo tatizo ambalo mkono huenda ukaligusa. Lakini rekodi zilikusanywa na watu wa kliniki yenyewe, na hapakuwa na kundi la wanawake wasiotibiwa la kulinganisha nalo. Bila kundi hilo haijulikani ni wangapi kati ya wale 143 wangekutwa wazi kwa kurudia picha tu.

Ziba ya mwisho wa mrija, upande wa ovari, ni jambo jingine kabisa. Huko mara nyingi chanzo ni maambukizi ya klamidia au kisonono, kifua kikuu cha viungo vya uzazi, uambukizo baada ya kujifungua au mimba kuharibika, au kidole tumbo kilichopasuka. Utafiti wa Lund, Uswidi, ulionyesha madhara yanavyojikusanya: baada ya maambukizi ya nyonga mara moja, takriban asilimia 8 ya wanawake walipata ugumba wa mirija, mara mbili, 20, mara tatu au zaidi, 40. Ncha ya mrija hugandamana, maji hujaa ndani, na vinyweleo vinavyosukuma yai hufa. Antibiotiki huua vimelea, kovu linabaki. Hakuna mafuta ya kupaka juu ya tumbo yanayofika huko, wala mitishamba iliyothibitishwa kuotesha vinyweleo upya. Vidonge vya mitishamba vinavyoingizwa ukeni na mvuke ndivyo vya kuviogopa zaidi, kwa sababu vinaweza kuunguza na kuleta maambukizi mapya mahali palipokwisha umia.

Tena mrija kupitisha dawa si dalili kwamba unafanya kazi. Mrija uliozibuka nusu huku ndani umeharibika unaweza kukamata yai lililorutubishwa na kulizuia njiani, mimba ikatunga nje ya kizazi. Aliyepata tiba yoyote ya mirija, kisha akakosa hedhi, apimwe mimba na afanyiwe ultrasound mapema. Maumivu ya upande mmoja, damu, kizunguzungu au maumivu ya bega ni dharura ya saa hiyo hiyo.

Anayetaka kujaribu tiba ya mikono aombe ripoti ya HSG iseme wazi ziba iko karibu na kizazi au mwishoni. Ikiwa karibu na kizazi, arudie kipimo mwezi unaofuata, kati ya siku ya 6 na ya 11 ya mzunguko, damu ikiwa imekoma, bila kujamiiana tangu hedhi ianze, na amwombe mpimaji asukume dawa polepole. Ikibaki vilevile, kuna mpira mwembamba wa kitabibu unaopitishwa kwenye shingo ya kizazi bila kuchana tumbo. Hufungua takriban asilimia 85 ya ziba za hapo, ingawa karibu theluthi huziba tena. Ikiwa mwishoni na maji yameonekana kwenye ultrasound, tiba za mikono zisimcheleweshe: maji hayo hupunguza karibu nusu mafanikio ya kupandikiza mimba, na mrija huo huondolewa au kufungwa kabla ya upandikizaji. Mume naye apime mbegu mapema, baada ya kujizuia siku 2 hadi 7. Mwenye miaka 35 na kuendelea asiipe tiba yoyote ya pembeni zaidi ya miezi mitatu kabla ya picha nyingine.