Majani ya plastiki ukutani, vifuu jalalani

Jirani yangu amenunua majani ya kubandika ukutani. Ni vipande vya mraba, vya plastiki, vyenye kijani ambacho hakuna mti wowote umewahi kukivaa, na vimepangwa nyuma ya televisheni pamoja na vitaa vya kuwakawaka. Kavitoa Kariakoo kwa shilingi laki moja na arobaini, fundi wa kubandika kando. Aliniita nikaone, nikasifia, maana nimelelewa. Kisha akaniambia alitaka sebule yake "ikae kiasili". Hapo adabu ikaniishia.

Asili ipi, shoga? Uani kwenu kuna mnazi, na ni wewe uliyemwambia mama mwenye nyumba aukate kwa sababu unachafua uwanja!

Msinisingizie wivu. Kila mtu na hela yake, na hayo majani kama angeyaita mapambo ya plastiki tungekunywa chai tukaachana salama. Ila tarehe 1 Juni 2019 nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Kubeba nyanya kwenye rambo kukawa kosa. Leo plastiki hiyohiyo tumeibandika ukutani, tunaipangusa vumbi kila Jumamosi, na tunajisifu kwamba tumerudi kwenye mazingira.

Na plastiki hii si mara yake ya kwanza kutupiku. Waulizeni watu wa Tanga. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, ikafika hai 62 tu. Kutokana na hiyo michache likaota zao lililoibeba nchi: mwaka 1964 tulizalisha takriban tani 230,000 za katani, yaani nyuzi za mkonge, na duniani tulikuwa tunatajwa wa mbele kabisa. Kisha zikaingia kamba za nailoni na za polipropilini, nyepesi, rahisi, haziozi, na bei ya katani ikaporomoka. Wachumi watanikumbusha utaifishaji wa mashamba ya mkonge wa 1967. Sawa, nao uwekeni humo, sibishani. Lakini anayefunga pazia lake kwa kamba ya plastiki iliyopakwa rangi ifanane na katani, katika nchi ya katani, huyo simwelewi hata akinieleza kwa mchoro.

Katani yenyewe wala huhitaji kuifuata Tanga. Nenda kwa fundi jipsamu yeyote hapo mtaani. Ile mikanda na maua ya dari anayomimina, ndani ameitia singa za katani zishikilie jipsamu isipasuke. Mwombe akuuzie fungu, atakushangaa, atakutajia bei ndogo. Ukifika nyumbani loweka kidogo, chana kwa kitana chenye meno mapana ambacho hutakirudisha tena kichwani, anika kivulini. Inakauka ikiwa na rangi ya siagi iliyopauka, inang'aa kidogo upande wa mwanga. Ifunge mafungumafungu kwenye kijiti cha mwarobaini, punguza ncha kwa mkasi, tundika. Wanaouza kitu cha namna hii kwenye maduka yenye kiyoyozi huko ushuani wanakiita cha wasanii, na wanakutoza kisanii.

Ila mimi moyo wangu uko kwenye vifuu. Pale sokoni penye mashine ya kukunia nazi, kifuu kinatoka kimekwanguliwa ndani, kimegawanyika vizuri nusu kwa nusu, kinarushwa kwenye gunia. Siku hizi havitupwi vyote, mama lishe anavitaka kwa moto wake na wapo wanaovichoma makaa, kwa hiyo omba mapema na omba kwa heshima. Chagua vile vyenye macho, visivyo na ufa.

Kaa barazani, siyo ndani, utanishukuru. Kwangua nje kwa kipande cha chupa: nywele za makumbi zinatoka na vumbi la kahawia linakuingia mpaka puani. Kisha msasa, anza na namba 80 mpaka mikwaruzo ya chupa ipotee, malizia na 220. Katikati ya kusugua kuna wakati kifuu kinakuwa cha kijivu, kibaya, unatamani kukitupa. Usikitupe. Endelea tu, ukahawia mzito unaanza kujitokeza chini yake na vimistari vyembamba vya njano vilivyokuwa vimefichika. Ndani ondoa utando wote wa nazi uliobaki, la sivyo sisimizi watapanga humo bila kulipa kodi. Paka mafuta ya nazi kwa kitambaa, kiache kilale, asubuhi kisugue tena.

Sasa angalia yale macho matatu. Mawili ni magumu kama mfupa, moja ni laini, ndilo nazi hutolea chipukizi. Hilo hilo laini lipitishe msumari, kamba ya katani ipite humo, fundo libaki ndani. Ukitaka kuotesha kishubiri kidogo, usilibane sana tundu, maji yapate pa kutokea. Vifuu vitatu kwa urefu tofauti kwenye nondo za dirisha, na mtu atakuuliza umenunua wapi. Wapangaji wenzangu mmeona nilichofanya hapo: sijagusa ukuta. Mama mwenye nyumba anayehesabu matundu ya misumari siku ya kuhama hana pa kukushikia.

Mengine yako barabarani tu. Maganda marefu ya mkrismasi, yale meusi yanayolia ukiyatikisa, yasimamishe kwenye mtungi. Koni ndogo za mivinje zimejaa ufukweni. Mashuke ya mabingobingo yaning'inize kichwa chini mpaka yakauke, yanafanana na yale wanayotuuzia kwa jina la kizungu. Kikapu kizee cha ukindu ukikipindua kinakuwa kava la taa, ila weka taa ya LED, siyo ile globu ya moto, usije ukaniletea zimamoto.

Mkeka sikuambii ujisukie, huo una wenyewe. Ukindu unachanwa, unaanikwa, unachemshwa na rangi kwenye sufuria isiyopikiwa tena chakula, unasukwa ukili mrefu unaoviringishwa, ndipo ukili unashonwa mzunguko kwa mzunguko mpaka utoke mkeka. Nenda Mbagala, huko ndiko barabara ya Kilwa inakotuletea vitu vya Rufiji. Na jamani, hapa naomba tuongee kama watu wazima. Dukani bei imebandikwa, tunalipa kimya, tena tunaomba risiti. Kwa mama wa mikeka tunapiga magoti ya uongo: "Mama, nipunguzie, mimi mteja wako." Anapunguza. Tunaomba tena. Mmoja aliniambia bila hasira, "Mwanangu, hapo umebakiza bei ya rangi tu." Ukishakwangua kifuu jioni nzima kwa mkono wako, nakuhakikishia ulimi wa kuomba apunguze mara ya pili utakuwa mzito.

Haya, yenye ukweli niyaseme. Plastiki unaifuta kwa kitambaa chenye sabuni, imekwisha. Ukindu na katani zinakula vumbi, na vumbi la mji huu mnalijua. Wakati wa masika, Machi mpaka Mei, kitu chochote cha asili kilichogusana na ukuta wenye unyevu kinaota ukungu. Kitoe nje jua likichomoza, kipige, kirudishe. Mianzi nayo inaliwa na wadudu, utaona unga mweupe sakafuni kabla hujamwona mdudu. Iloweke kwenye maji majuma kadhaa kabla ya kuitumia, yale maji yanaondoa wanga wanaoufuata, ingawa mpaka uimalize kuloweka nyumba nzima itakuwa imekuchukia kwa harufu. Hiyo ndiyo kazi yake. Asiyetaka kazi kabisa akanunue picha ya msitu.

Kitu kimoja cha asili ambacho naomba mkiache kilipo, nacho ni magamba makubwa ya baharini na matumbawe. Yale yanayopangwa mezani, yanameremeta, hayana hata mkwaruzo, hayakuokotwa mchangani. Yalitolewa majini mwenyewe akiwa hai ndani, akachemshwa. Konokono mkubwa aitwaye triton ni miongoni mwa wachache wanaoweza kumla kiti cha pweza (samaki-nyota) mwenye miiba, yule anayetafuna matumbawe. Ukimweka triton juu ya kabati, umemwachia yule mwenye miiba uwanja, samaki wakose makao, halafu mvuvi wa Kunduchi ndiye atakayelipa. Coco Beach maji yakikupwa vipo vipande vya kombe vilivyovunjika, vimesuguliwa na mchanga mpaka kingo zikawa butu. Jaza kifuu kimoja, ondoka zako, hakuna atakayekudai hata senti.